Kikao cha wavulana shuleni: mwongozo kwa mwalimu mlezi, kutoka Arusha

Shule nyingi za kata hapa Arusha zina mtu wa kuwasikiliza wasichana. Yupo matroni, ipo stoo ndogo ya pedi, na mara mojamoja linakuja shirika na semina yake. Hilo ni jema na lisipunguzwe. Ila chalii wa kidato cha pili, sauti inakwaruza, chunusi zimemjaa, kapanga geto Kwa Mrombo na wenzake wawili, mtu mzima anayemfuatilia shuleni mara nyingi ni mwalimu wa nidhamu tu, tena fimbo mkononi. Siku akimvuta msichana sketi kwenye ngazi, tunaulizana tabia hiyo kaitoa wapi.

Maelezo haya ni kwa mwalimu anayetaka kuanzisha kikao cha wavulana cha kila wiki, kikae mwaka mzima, bila mfadhili wala fulana. Shauri langu kubwa ni la mpangilio. Anza na mwili wa mvulana mwenyewe, hofu zake na maswali yake. Wasichana waje baada ya hapo, na sheria ije mwishoni. Wengi wetu tunageuza: siku ya kwanza analetwa askari kueleza miaka 30 jela kwa ubakaji, vijana wananyamaza, na wakishanyamaza hivyo hutawasikia tena mpaka wanafunga shule.

Hatua ya 1: Ruhusa, na suala la fimbo

Mwone mkuu wa shule kwanza, kisha mwalimu wa ushauri na unasihi kama si wewe mwenyewe. Kama tayari ipo klabu ya afya au klabu ya vijana ya Fema, ingia humo. Usianzishe jina jipya litakalohitaji kikao kingine cha wafanyakazi. Nenda na karatasi moja yenye mada zako: mabadiliko ya mwili, usafi, magonjwa, hedhi, urafiki na heshima, ukatili, sheria, ulevi na kamari. Mkuu atataka kujua wazazi watasema nini, na karatasi hiyo ndiyo kinga yake na yako. Mada kadhaa zimo kwenye Baiolojia hata hivyo, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai umeleta mambo ya ajabu.

Fimbo lazima izungumzwe mapema. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, navyo vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi. Omba jina lako lisiwemo kwenye hiyo idhini mwaka huo. Kijana hawezi kukuuliza Ijumaa kuhusu uchafu unaomtoka sehemu za siri halafu Jumatatu umchape kwa kuchelewa namba. Na mwalimu wa nidhamu, hata awe mpole kiasi gani, asiwe mlezi wa kikao hiki.

Muwe walezi wawili. Mmoja kati yenu akiwa mwalimu wa kike ni bora zaidi, maana kuna siku utamhitaji, nitaieleza. Na kwa usalama wa kila mtu: mazungumzo ya mtu na mtu yafanyike mahali panapoonekana, benchi la nje ya ofisi au chini ya mti, kamwe si chumba kilichofungwa.

Hatua ya 2: Muda na watu

Ijumaa, wakati wa vipindi vya klabu, ndiyo siku nzuri. Mmalize mapema. Wanaokwenda Kisongo au Ngaramtoni wanajua taabu ya jioni: konda anawapita kituoni kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, na kijana aliyelala njaa kwa ajili ya kikao chako harudi wiki inayofuata.

Watu 15 hadi 20 wanatosha. Usichanganye kidato cha kwanza na cha nne. Huyu ana miaka 13, yule huenda ana 19 na tayari ananyoa ndevu. Ukiwachukua viranja peke yao utapata kikao chenye adabu kisichobadilisha kitu. Chukua nusu kutoka kwenye daftari la makosa, wale wa benchi la nyuma wanaosikilizwa na wenzao. Wakikaa, wengine watakuja wenyewe.

Kanuni ziwe chache na zisemwe kila wiki: hakuna kucheka swali la mtu, hakuna kutaja jina la msichana au mwalimu, na cha hapa kinabaki hapa isipokuwa pale mtu anapoumizwa au yuko hatarini. Hilo la mwisho liseme wazi kabla hawajakuamini, sio baada. Ukiahidi siri ya moja kwa moja, siku ya tukio zito utalazimika kuvunja ahadi, na kikao kitakufa hapo hapo.

Hatua ya 3: Ndoo ya maswali

Hiki ndicho chombo pekee unachohitaji. Tafuta ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, utoboe mfuniko tundu la kupitisha karatasi. Wape wote karatasi za ukubwa mmoja, kalamu za wino mmoja, waandike kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Kila mtu lazima aandike. Asiye na swali aandike majina ya mikoa mitano. Ukiacha wasio na swali wakae wanatazama, wataangalia nani kashika kalamu, na ndoo itabaki tupu.

Zipitie ukiwa peke yako, jioni. Utakuta maswali ya mwili, ya wasichana, na moja au mawili ambayo si maswali bali ni kilio. Siku ya kujibu, soma swali kama lilivyoandikwa, na maneno yake ya mtaani, bila kukunja uso. Ukilisafisha kwanza liwe la ofisini, mwenye nalo atajua umeona aibu. Jibu lako ndilo litumie maneno sanifu: uume, korodani, mbegu za kiume, hedhi. Baada ya wiki chache wao wenyewe wataanza kuyatumia, na ndipo utaona kucheka kumepungua.

Usichojua, sema hujui, ukamuulize daktari au muuguzi, na Ijumaa inayofuata uje na jibu hata kama wamesahau. Hasa kama wamesahau.

Karatasi ikionyesha kuna anayeumizwa na hajajitaja, usimsake kwa mwandiko. Tangaza mbele ya wote: nimeisoma, ninaamini, nitakuwa chini ya mwarobaini wakati wa chai kila siku wiki ijayo, na namba 116 ya Simu ya Mtoto ni bure.

Hatua ya 4: Mwili wake mwenyewe

Tenga vikao vinne au vitano kwa hili. Usikimbie.

Anza na muda. Balehe kwa wavulana huanza popote kati ya miaka 9 na 14, na wote hao ni wazima. Mfupi wa darasa atakua. Mara nyingi kimo cha mvulana hupanda kwa kasi baada ya wasichana wa umri wake kumtangulia. Ndoto nyevu si ugonjwa, wala haimalizi nguvu. Chuchu kuvimba na kuuma huwapata zaidi ya nusu ya wavulana wakati wa balehe, na kwa kawaida hupotea ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Kuna vijana wanaokataa kuvua shati kwenye michezo kwa ajili ya hili tu, na mwalimu wa michezo anawaandika wakaidi. Dakika tano za maelezo zinaondoa mzigo wa mwaka.

Punyeto itaulizwa, jiandae. Kiafya haileti utasa, upofu wala wazimu. Upande wa dini, waambie wamuulize sheikh, padri au mchungaji wao. Wewe umejibu la mwili. Ukigawa swali namna hiyo hutagombana na mtu, na kijana hataondoka na hofu ya kuwa amejiharibu.

Ukubwa wa uume utaulizwa pia, na nyuma ya swali hilo kuna biashara. Vumbi la Kongo na dawa za nguvu za kiume zinazotangazwa kwenye spika za sokoni na kwenye simu zinawafikia watoto wa miaka 15. Waambie wazi: tofauti za maumbile ni za kawaida, mwili bado unakua, na hakuna unga wa kijiweni unaojulikana una nini ndani yake. Baadhi ya vitu hivyo hupandisha mapigo ya moyo.

Sasa lile ambalo kila mvulana anapaswa kulijua na karibu hakuna anayefundishwa. Korodani inaweza kujisokota ghafla kwenye mshipa wake na damu isifike. Hutokea zaidi katika umri huu wa sekondari, mara nyingine usingizini. Dalili ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja, korodani kuvimba au kupanda juu kuliko nyingine, kichefuchefu, kutapika. Inahitaji upasuaji, na nafasi ya kuiokoa ni kubwa ikifanyika ndani ya saa 6. Baada ya hapo inapungua haraka. Kwa hiyo: si kukanda na maji ya moto, si panado, si kusubiri kukuche. Mchezeshe kila kijana sentensi atakayomwambia baba, mama au mwenzake wa geto saa nane za usiku: "Korodani inaniuma sana, imeanza ghafla, nipeleke hospitali sasa hivi." Wataona haya mara ya kwanza. Rudieni mpaka isemwe kawaida, kila mtu kwa mdomo wake. Hapa mjini ni Hospitali ya Mount Meru. Aliye Moshi aende Mawenzi au KCMC.

Tohara. Kwetu Arusha na Kilimanjaro wengi wametahiriwa, iwe hospitalini au jandoni. Tohara kamili hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Kupunguza si kuzuia, na kijana anayesema "mimi nimeshakatwa, siugui" anahitaji kusikia hivyo kutoka kwako. Wanaokwenda jandoni Desemba waambie wembe ni wa mtu mmoja, na kwamba familia nyingi siku hizi zinamwita mganga wa kituo cha afya afanye kazi ya kisu huku sherehe ikibaki ya wazee.

Magonjwa ya zinaa: usaha, kuwashwa, maumivu wakati wa kukojoa, kidonda kisichouma. Tabia ya kununua kapsuli za rangi mbili dukani, mbili mbili kadiri ya hela, inaficha dalili na kuacha ugonjwa. Kituo cha afya, kama Kaloleni au Levolosi, wanatibu haya kila siku na hawashangai. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Swali la kondomu likija, eleza inavyokinga na uwaelekeze kituo cha afya. Usigawe shuleni, utafungiwa kikao. Sema pia, bila kuhubiri, kwamba kusubiri kunawezekana na kwamba wengi wanaojisifu darasani wanadanganya. Huwa wanatazamana.

Juni na Julai ongeza kipindi cha usafi. Baridi ya hapa tunaijua: maji ya bomba yanauma, kijana anaruka siku tatu, soksi zilezile, fangasi mapajani na kwenye vidole. Waonyeshe kuwa beseni moja la maji ya uvuguvugu linatosha kwapa, mapaja na miguu. Nguo ya ndani ikauke juani, isianikwe chini ya godoro kwa aibu.

Na meno. Anayetoka Maji ya Chai au Ngurdoto anajua ninachosema. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floridi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanaota hutoka na rangi ya kahawia. Si uchafu na mswaki hauitoi. Nimeona wavulana wanaocheka kwa kuziba mdomo tangu kidato cha kwanza. Kumwita mwenzako "meno chai" kuwe kosa kwenye kikao chenu kuanzia siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Hedhi

Hii ndiyo siku ya mwalimu wa kike. Alete pedi ya dukani na ya kitambaa, azifungue, azipitishe mkono kwa mkono, amwage maji yenye rangi wauone uwezo wake. Ufafanuzi wa mzunguko uwe mfupi. Muda mwingi utumike kwa swali moja: dawati la mbele limechafuka, msichana hainuki, kengele imelia. Unafanya nini? Majibu mazuri huwa yanatoka kwao wenyewe: kumpa sweta ajifunge kiunoni, kumwita rafiki yake, kuwatoa wengine nje kwa kelele za mpira. Shule yetu ina sare yenye sweta zito, na sweta hilo limeokoa wengi.

Hatua ya 6: Kusikia "hapana"

Kufikia hapa vijana wamejibiwa yao bila kuchekwa, na wako tayari kusikia ya mwingine. Usianze na neno "ukatili". Anza na chipsi.

Hoja utakayoisikia ni hii: "Mwalimu, nimemnunulia chipsi mayai mara mbili, boda nimemlipia, halafu ananiletea mapozi." Usimkemee. Andika ubaoni bei ya chipsi mayai, soda na boda, jumlisha, kisha waulize hela hii imenunua nini. Watabishana. Mmoja atasema imenunua muda wake, mwingine imenunua heshima. Waache. Mwisho wa yote atatokea wa benchi la nyuma aseme imenunua chipsi, na darasa litaangua kicheko, na hapo kazi yako imefanywa na mtu mwingine. Kisha geuza: mama mtu mzima wa mtaani akikununulia wewe simu, anadai nini? Watanyamaza kidogo, kwa sababu wapo wanaolijua hilo.

Halafu igizo, dakika kumi. Kituo cha daladala, jioni. Mmoja ni mvulana anayetongoza, mmoja ni msichana, wawili ni marafiki wa mvulana.

"Leo nakusindikiza."

"Hapana, asante. Namsubiri dada."

"Kwani mimi nakula watu?"

Simamisha igizo hapo hapo. Waulize "hapana" imesemwa mara ngapi na nani kaisikia. Wengi wamelelewa na ile imani kwamba msichana akikataa anajishebedua tu, na kwamba mwanaume ni kukaza. Usibishane na imani kwa maneno. Rudia igizo na uwape wale marafiki wawili kazi. Mmoja aseme, kwa lugha yao: "Oya mwanangu, kasema hapana. Twende zetu." Nguvu iko hapo. Kijana hamsikilizi mwalimu kama anavyomsikiliza mshkaji wake akimvuta shati. Wabadilishane nafasi mpaka kila mmoja amecheza rafiki anayezuia, na kila mmoja amejibu "hapana" kwa "sawa, poa" na kuondoka bila tusi. Lile tusi la kuondokea, "kwanza huna hata sura", lizungumzeni peke yake. Ndilo linalowafanya wasichana waogope kusema hapana mara ya pili.

Ongezeni na simu. Picha ya mtu akiwa uchi haipokelewi, haihifadhiwi, haisambazwi, hata kama yeye mwenyewe aliituma. Aliyeipokea kwenye grupu aifute na amwambie mtu mzima.

Hatua ya 7: Sheria, sasa

Sasa mwite askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na mwombe aje kama mgeni wa kujibu maswali. Mambo ya kuhakikisha yamesemwa: tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akikubali, na kifungo cha mtu mzima hakipungui miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka miaka 30 pia kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mtuhumiwa aliye chini ya miaka 18 ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na mahakama ya watoto. Ila kidato cha nne kina vijana wa miaka 18 na 19, wamevaa sare ileile, na wanadhani sare inawafanya watoto mbele ya hakimu. Haiwafanyi. Kusambaza picha za ngono ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Akirudi, darasa lako la wavulana ndilo litakaloamua kama atakaa au ataacha tena, kwa maneno watakayomwita kwenye korido.

Swali la ukeketaji litatokea, hasa karibu na likizo ya Desemba. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu 1998. Kaka aliyesikia mipango nyumbani anaweza kupiga 116 au kukuambia wewe, na asitajwe jina lake popote.

Hatua ya 8: Mvulana anapokuwa yeye ndiye aliyeumizwa

Wavulana wanalawitiwa pia: bwenini, geto, na ndugu, na watu wanaowaheshimu. Wengi hawasemi kwa kuogopa kuitwa majina. Kijana akikuambia, kazi yako ya kwanza ni kumwambia umemwamini na si kosa lake. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele. Usimwite mtuhumiwa mkae meza moja kuyamaliza, na usikubali wazee wa ukoo wayamalize kwa mbuzi.

Kama ni tukio la karibuni, saa ndizo muhimu. Dawa za kukinga VVU baada ya tukio zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Asioge, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawati la Jinsia na Watoto polisi watatoa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama ana jeraha au hali ni mbaya, nenda hospitali kwanza na polisi wafuate. Mkuu wa shule na ofisa ustawi wa jamii wajulishwe, wengine wasijue.

Kuna pia ambaye hajaumizwa na mtu ila amezima: analala darasani, ameacha mpira, anagawa vitu vyake, anasema amechoka kuishi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake mpaka afike hospitali na ndugu anayemwamini.

Hatua ya 9: Wazee

Barua kwa wazazi iende mapema, lakini upinzani wa kweli hauji kwa barua. Unakuja siku ya kikao cha wazazi, mzee anasimama na fimbo yake: "Mwalimu, huyu nimeshamtahiri. Ni mwanaume. Mnamfundisha nini tena?"

Mwamkie kwanza, kisha muulize ushauri: "Shikamoo, mzee wangu. Nyinyi mlipotoka jandoni, nani alikuwa anawajibu?" Atajibu kwa furaha. Kwa Wamaasai na Waarusha kila rika la vijana lina wazee walezi wake. Wachaga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama na somo lake; fimbo ya kufundishia, si ya kuchapia. Mwambie mzee kwamba kijana wake kwa sasa yuko mjini, walezi wa rika wako mbali, na anayemjibu ni simu. Mwalike aje aseme yale ya jando yanayohusu kujizuia na kumlinda dada. Wengine watasema usilolipenda. Wewe upo, utasahihisha kwa adabu. Usiwaruke baba wadogo na wajomba. Mara nyingi ndio wanaolipa kodi ya geto.

Hatua ya 10: Vishawishi, kwa ufupi

Tumbaku ya kuberi chini ya mdomo, gongo, bangi, mirungi, na mikeka ya kubeti. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini pombe kali ya chupa ndogo ipo kila kioski. Kwa kubeti, fanya hesabu tu: kila mmoja aandike alichoweka na alichopata kwa mwezi, bila jina, ndoo ijumlishe. Hakuna hotuba inayoshinda jumla hiyo.

Kuendelea

Kujua kama inafanya kazi, usitegemee fomu za tathmini. Angalia daftari la matroni: malalamiko ya kushikwa, kuitwa majina, kuvutwa nguo. Mwanzoni yanaweza kuongezeka, kwa sababu wasichana wameanza kuona yanashughulikiwa. Usiogope wala usimruhusu mkuu aogope. Muulize matroni kila mwezi, naye awaulize wasichana.

Kidato cha nne wanaondoka Novemba baada ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo kufikia Agosti chagua wawili wa kidato cha tatu wawe wasaidizi, wasimamie igizo wakati wewe umekaa nyuma. Kabla ya likizo ya Desemba kila kijana aandike 116 nyuma ya daftari na ajue mtendaji wa kata yake yuko wapi. Januari anza tena na ndoo tupu na kidato cha kwanza kipya. Maswali ya mwaka uliopita yachome kabla hawajaripoti, maana hata kwa herufi kubwa yupo atakayetambua mwandiko wa kaka yake.